Redio ya upepo huanza na sikio
Maneno ya afisa ugani wa mifugo kwa wafugaji wa Nyamuswa na vijiji jirani

 

Leo sizungumzii josho wala chanjo, ingawa tutafika huko huko. Nazungumzia redio za upepo za mkononi, ambazo wengine mnaziita redio koli, pamoja na ule mtambo unaowekwa juu ya kilima ambao mafundi wanauita ripita. Baadhi ya vijana wa vikundi vya wafugaji wameniuliza hivi: tukichanga fedha tukanunua redio sita, si tutakuwa tumemaliza? Hapana, ndugu zangu. Redio sita bila mtu aliyepangiwa kusikiliza ni mzigo wa kuchaji tu. Anza na sikio, kisha kilima, kisha kibali, na mwisho ndiyo uende dukani. Nitaeleza kwa mpangilio huo.

Simu tunayo, redio ya nini?

Simu ni chombo kizuri na msiiache. Mahali penye mtandao, namba 112 inakufikisha polisi, na simu inaweza kunitumia picha ya mnyama mgonjwa. Lakini simu ina upungufu wa aina mbili kwa mchungaji. Kwanza, ukishuka bondeni au ukielekea upande wa mapori, mtandao unakatika. Pili, simu humwambia mtu mmoja tu. Ukitaka kuwaambia wachungaji kumi kwamba tembo wametoka, utapiga mara kumi, na huenda watatu watakuwa hawana chaji.

Redio hufanya kazi kama mbiu. Ukibonyeza kitufe ukasema, wote walio kwenye chaneli hiyo wanasikia kwa mara moja, na hakuna vocha inayokatwa. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Zamani yowe lilitoka boma moja likadakwa na boma la pili hadi nchi nzima ikajua. Redio inafuata njia hiyo hiyo, ila yowe lake linafika mbali zaidi na linabeba maneno kamili.

Hata matumizi haya si mageni kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1957 madaktari watatu walianzisha huduma ya madaktari wa ndege jijini Nairobi, ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF. Hospitali na zahanati za mbali, ambazo hazikuwa na simu, ziliwekewa redio ili ziweze kuita na kuomba ushauri au ndege. Kilichookoa wagonjwa hakikuwa redio peke yake. Nairobi palikuwa na mtu aliyekaa kwenye chumba cha redio akisikiliza. Mngeondoa mtu yule, mashine zote zilizobaki zisingemwokoa mgonjwa hata mmoja.

Kwanza, pangeni wa kusikiliza

Kila kikundi kiwe na kituo kimoja cha nyumbani. Kituo si jengo. Ni redio iliyo kwenye chaji, na mtu ambaye zamu yake inajulikana. Mimi nashauri akina mama wapewe nafasi hii bila kuzungushwa. Wao ndio wanaobaki na ndama, wanaokamua, na wanaojua ng'ombe yupi amepunguza maziwa tangu jana. Habari nyingi za ugonjwa huanzia kwao. Mzee ambaye miguu imechoka lakini masikio bado mazima naye anafaa sana.

Pangeni saa za kuitana. Mfano, saa 1 asubuhi kabla mifugo haijaenda mbali, saa 7 mchana, na saa 12 jioni wakati wa kurudi. Kwenye saa hizo kituo kinaita kila kundi kwa jina lake, nalo linajibu. Kundi ambalo halikujibu linaitwa tena baada ya dakika kumi. Lisipojibu mara ya pili, mtu anakwenda kuangalia. Hapo ndipo faida ya kwanza inapoonekana: mtoto aliyeumwa na nyoka au kijana aliyeumizwa na nyati hasubiri mpaka usiku ndipo watu washtuke.

Pili, ijueni ardhi yenu

Kwenye maboksi ya redio huandikwa kilomita nyingi sana. Msizitegemee. Redio hizi hupeleka sauti kwa mstari ulionyooka, karibu sawa na jicho linavyoona. Kilima kikikaa katikati yenu, sauti inazuiwa. Watu wawili waliosimama kwenye uwanda wenye miti michache, kila mmoja na redio ya wati 5, wategemee kuelewana kwa kilomita 3 hadi 5. Kwenye vichaka vizito au nyuma ya kilima, hata kilomita 1 inaweza kuwa tabu.

Kinachosaidia zaidi ni urefu wa mahali uliposimama kuliko nguvu ya redio. Kuongeza wati kutoka 5 hadi 10 hakuongezi umbali mara mbili. Lakini ukipanda kilima kilichozidi uwanda kwa mita 100, mahesabu yanaonyesha redio yako inaweza kuona zaidi ya kilomita 40 kwenye nchi iliyo wazi. Ndiyo maana mchungaji ambaye hasikiki namwambia apande juu ya kichuguu, ainue redio usawa wa uso, antena ielekee juu, kisha aite tena. Mara nyingi hiyo inatosha.

Sisi wa Ikizu tumebarikiwa vilima. Kabla hamjanunua chochote, kaeni na wachungaji mchore kwenye karatasi: malisho ya kiangazi yako wapi, mifugo inanywa wapi, tembo wanapita wapi, na kilima gani kinaona sehemu hizo zote. Kisha mwende kwa wazee. Baadhi ya vilima vyetu ni mahali pa matambiko. Kila mtu hapa anajua heshima ya mlima Chamuriho. Usipeleke nguzo wala fundi kwenye kilima kabla wazee wa eneo na serikali ya kijiji hawajakubali. Mtambo uliowekwa kwa kuwadharau wenye kilima hautapata mlinzi.

Mtu wa kilimani kabla ya ripita

Ripita ni redio yenye masikio na mdomo kwa wakati mmoja. Inasikia sauti kwenye masafa moja, na papo hapo inaitoa upya kwenye masafa mengine, kwa nguvu na kutoka mahali pa juu. Mchungaji aliye upande mmoja wa kilima anasema, ripita iliyo juu inadaka, na boma lililo upande wa pili linasikia. Ili redio ya mkononi itumie ripita, fundi anaiwekea mambo matatu: masafa ya kusikilizia, masafa ya kusemea, na toni. Toni ni mlio mdogo usiosikika na masikio yetu ambao unaifungulia ripita mlango. Redio ikikosea masafa ya kusemea au toni, utasema mpaka uchoke na hakuna atakayekupata.

Lakini ripita ina gharama. Inahitaji antena nzuri, nguzo, betri kubwa, paneli ya sola, waya wa kuzuia radi na mlinzi. Kwa hiyo nawashauri muanze na mtu wa kilimani. Kijana mmoja anakaa juu na redio yake. Bonde la mashariki likisema, yeye anarudia maneno yale yale kwa bonde la magharibi. Huyo ni ripita ya mfupa na damu. Mkifanya hivyo kwa miezi mitatu mtajua kama kilima mlichochagua kinafaa, ujumbe wa siku ni mingapi, na kama kikundi kina uvumilivu wa kuchanga. Mkiona kazi imemzidi kijana, hapo ripita ina haki ya kununuliwa.

Hata mkiwa na ripita, kila redio iwe na chaneli mbili. Chaneli 1 ipitie ripita. Chaneli 2 iwe ya moja kwa moja, redio kwa redio. Siku ripita ikizimika, hamia chaneli 2 na mtu wa kilimani arudi kazini.

Tatu, kibali

Hapa naomba vijana mnisikilize vizuri. Redio hizi zinauzwa madukani kama tochi, lakini matumizi yake si kama ya tochi. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, masafa hutumika kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Mamlaka ndiyo inayowapangia masafa yenu na kuidhinisha aina ya redio. Ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Leseni ina ada, kwa hiyo iwekeni kwenye hesabu ya mchango tangu mwanzo.

Ukijichagulia masafa mwenyewe unaweza kuingilia mawasiliano ya polisi, ya askari wa hifadhi au ya gari la wagonjwa. Pia redio isiyo na kibali ikikutwa na kijana karibu na mpaka wa Pori la Akiba la Grumeti au Ikorongo, atapata kazi ngumu ya kueleza kwamba yeye si jangili. Kwa hiyo nendeni kama kikundi kilichosajiliwa, si mtu mmoja mmoja. Pitieni kwa mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, na polisi kata. Orodha ya redio zote, namba zake na majina ya waliokabidhiwa ibaki ofisi ya kijiji. Uliza TCRA kwanza ndipo ununue, maana masafa mtakayopewa ndiyo yanayoamua aina ya redio.

Nne, dukani

Redio zote za kikundi ziwe za jamii moja. Kuna zinazotumia masafa ya VHF na zinazotumia UHF, na hizi mbili hazisikilizani. Kwa nchi ya wazi na vichaka kama yetu, VHF kwa kawaida hufanya vizuri. UHF hupenda zaidi mijini, ndani ya majengo. Angalia pia kama betri za akiba zinapatikana Bunda au Musoma, kama redio inastahimili vumbi na mvua, na kama vitufe vinabonyezeka kwa mkono wenye matope.

Chaji ni ya kupangiwa kama maji ya ndama. Redio inayosikiliza muda mwingi na kusema kidogo inaweza kumaliza siku nzima. Kinachokula betri ni kusema. Ukiwa karibu, tumia nguvu ndogo. Kila jioni redio zirudi kwenye chaji sehemu moja, na anayechaji aandike ipi imerudi na ipi haijarudi.

Kwa ripita, hesabu ya sola ifanywe na fundi, lakini muijue ili msidanganywe. Tuseme mtambo wenu unakula ampea 3 wakati wa kusema na nusu ampea wakati wa kusubiri. Ukisema jumla ya saa 4 kwa siku, hiyo ni 12. Ukisubiri saa 20, hiyo ni 10. Jumla ni ampea-saa 22 kwa siku. Kuna siku za mawingu mfululizo, na betri haifai kukaushwa kabisa, kwa hiyo betri iwe kubwa mara kadhaa ya hapo. Na radi msiidharau. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani. Nguzo isiyo na waya wa kushuka ardhini ni mwaliko. Mawingu mazito yakikusanyika, mtu wa kilimani ashuke.

Adabu ya kusema

Bonyeza kitufe, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme. Ukiwahi, neno la kwanza linapotea kabla ripita haijaamka. Taja jina la unayemwita, kisha jina lako. Sema kifupi, achia kitufe, sikiliza. Wawili wakibonyeza pamoja hakuna anayesikika vizuri. Msishike redio kwa antena wala kusema ikiwa haina antena, mtaiua.

Mazungumzo yawe hivi:

"Kituo, Kituo, huyu ni Kundi la Tatu."
"Kundi la Tatu, nakupata, endelea."
"Tembo kama wanane, wanatoka upande wa pori kuja lambo. Mimi narudisha mifugo. Ova."
"Nimekupata. Tembo wanane kuja lambo. Makundi yote msishuke lambo. Ova."

Mmeona Kituo kilivyorudia ujumbe? Kurudia ndiko kunakozuia kosa. Ndugu zetu wa Hunyari, Kihumbu na Mariwanda, wanaopakana na hifadhi, wanajua tofauti ya kuambiwa tembo wako wapi kabla hujakutana nao na baada ya kukutana nao.

Kumbukeni pia kwamba redio haina pazia. Yeyote mwenye redio ya masafa hayo anaweza kusikia, na ile toni haifichi maneno. Ng'ombe wakiibwa, semeni mapema ili nyayo zifuatwe zikiwa mbichi: wangapi, rangi gani, alama gani, wameondoka saa ngapi. Lakini msitangaze njia mnayopita wala mahali mtakapowakatia, maana mwizi naye ana masikio. Njia hiyo wapeni polisi kwa simu. Na msitaje jina la mtu mnayemshuku. Jina likishatoka hewani halirudi, na damu isiyo na hatia inaweza kumwagika kwa neno la hasira. Kazi ya redio ni kuita watu na polisi. Kuhukumu si kazi yake.

Redio na ugonjwa

Sasa nimefika kwenye kazi yangu. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji atoe taarifa ya magonjwa makubwa. Ninyi mnajua afisa mifugo mmoja ana vijiji vingapi. Siwezi kuwa kwenye kila zizi, lakini taarifa nzuri inanifanya nije na dawa sahihi badala ya kuja kuangalia kwanza na kurudi kesho.

Ukiniita kupitia Kituo, nipe mambo sita: uko wapi, mnyama gani na umri gani, wagonjwa wangapi na waliokufa wangapi, tangu lini, dalili gani, na dawa gani mmeshampa. La mwisho msilifiche. Mnyama aliyekwisha kuchomwa sindano mbili za kubahatisha hutibiwa tofauti.

Chukueni mfano wa ndigana kali. Ndama ana homa, tezi za chini ya sikio zimevimba, na anaanza kuhema kwa shida. Dawa ipo, lakini hufanya kazi vizuri akitibiwa mapema. Taarifa ya leo jioni na taarifa ya keshokutwa zinaweza kuwa tofauti ya ndama na ngozi.

Chukueni ugonjwa wa miguu na midomo. Kundi moja likianza kutoa udenda na kuchechemea, kitu cha kwanza ni kulizuia lisifike lambo la wote. Mchungaji akisema saa 1 asubuhi, makundi mengine yanaelekezwa maji mengine siku hiyo hiyo. Akinyamaza mpaka jioni, mifugo yote imekwisha kunywa pamoja.

Na chukueni kimeta. Hapa ni uhai wa watu. Ng'ombe amekufa ghafla, pengine jana alikuwa mzima, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma. Neno la kusema kwenye redio ni moja: "Msichune, msile." Mkipasua mzoga, vimelea vinapata hewa na kujigeuza mbegu ngumu zinazokaa ardhini miaka mingi. Zuieni mbwa na watoto, funikeni mzoga kwa miiba, mningojee tuuzike kwa kina au kuuchoma. Najua nyama ni nyama na njaa ni njaa. Lakini ujumbe huo ukifika kabla ya kisu, umeokoa boma zima. Kwa hilo peke yake redio imeshalipa gharama yake.

Hali kadhalika mbwa mwenye kichaa. Akionekana anapita boma hadi boma akiuma, tangazeni upande anaoelekea, watoto waingie ndani. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwezi huu tufanye nini?

Wiki ya kwanza, kila kikundi kichague Kituo, watu wa zamu, na saa tatu za kuitana. Wiki ya pili, mchore ramani na kupanda vilima viwili vitatu pamoja na wazee. Wiki ya tatu, viongozi wapitishe barua kijijini na kata, kisha wawasiliane na TCRA. Wiki ya nne, kaeni mhesabu michango: redio, leseni, betri za akiba, na akiba ya matengenezo. Mkiona fedha hazitoshi kwa redio sita, anzeni na tatu: moja Kituo, moja kilimani, moja kwa kundi linalokwenda mbali zaidi. Tatu zenye wasikilizaji zinashinda kumi zisizo nao.

Wakati mnangoja kibali, fanyeni mazoezi ya zamu kwa simu, kwa saa zile zile tatu. Mkishindwa kuitana kwa simu kwa mwezi mmoja, mtashindwa na redio pia, na mtakuwa mmeokoa fedha zenu. Mkiweza, nipigieni. Nitakuja kuwafundisha watu wa zamu yale mambo sita ya taarifa ya ugonjwa, na tutaanzia kwa akina mama.

 Sasa naomba maswali.